Bei ya London, mzani wa Walikale

Kijana wa Walikale, mashariki mwa Kongo, akipata simu ya kugusa, jambo la kwanza si picha. Anapanda mlimani inakoshika rezo ya simu, anatafuta bei ya bati London, kisha anateremka kwa mnunuzi akiwa na kioo mkononi.

"Papa, leo ni dola 30,000 kwa tani."

"Mtoto wangu, leta gunia tupime."

Nimewasikia watu wakisema simu imemaliza wizi wa bei. Imeupunguza, ndiyo. Miaka ya 2000, kasiterite, ule mchanga mweusi wenye bati, ilipoanza kuchimbwa Bisie, msituni Walikale, bei ilikuja kutoka Goma kwa foni, ile redio ya upepo, na aliyekaa karibu na redio ndiye aliyeijua. Mbebaji alikata msitu na kilo 50 mgongoni hadi Njingala, akapokea alichoambiwa. Mzigo ukapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara. Pale hapakuwa na bei ya pili ya kulinganisha.

Sasa ipo, lakini inataka kusomwa. Soko la London linauza bati lililokwisha kuyeyushwa na kusafishwa, siyo mchanga mweusi uliomo guniani. Tena kuna kurasa zinazoandika bei kwa ratili. Dola 30,000 kwa tani ni dola 30 kwa kilo, lakini kwa ratili ni kama 13.60. Asiyetazama kipimo ataona 13.60, adhani ni ya kilo, apoteze zaidi ya nusu kabla hata mnunuzi hajafungua mdomo.

Tufanye hesabu ya gunia moja. Kilo 50, na bati ndani yake ni asilimia 60: hizo ni kilo 30 za bati, yaani dola 900 kwa bei ile ya dola 30,000 kwa tani. Lakini mchanga umetoka kuoshwa mtoni. Maji yakiwa asilimia 5, zinabaki kilo 47.5. Chuma kikiwa kingi na bati likashuka hadi asilimia 55, unabaki na kilo 26 hivi, dola 784. Zaidi ya dola 110 zimeondoka, na bei kwenye kioo haijatikisika hata senti. Bado hatujagusa mbebaji, kodi, lori, wala gharama ya kuyeyusha huko Asia.

Kwa hiyo wenye uzoefu hawabishani juu ya London. Wanawapigia wanunuzi watatu na kuuliza maswali mawili: unachukua kwa ngapi, na unakata kilo ngapi za maji? La pili ndilo lenye pesa. Anayetaja bei kubwa mara nyingi ndiye anayekata sana, na ukilinganisha bei peke yake utamkimbilia yeye. Ndiyo maana picha ya mzani iliyotumwa kwa WhatsApp inanishawishi kuliko grafu yoyote.

Huko Masisi, jirani na Walikale, mambo ni magumu zaidi. Koltani, madini ya tantali yanayochimbwa Rubaya, haina soko la wazi kama la bati. Bei yake hukubaliwa faraghani, kwa asilimia ya tantali, na kifaa cha kupima asilimia hiyo anacho mnunuzi. Mchimbaji atafute usiku kucha, ni vigumu apate namba ya kumwekea mtu mezani. Anachoweza kulinganisha ni mnunuzi kwa mnunuzi, basi, nao wanajuana.

Na London nayo inaitazama Walikale. Tarehe 13 Machi 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakisogea, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wake wa Bisie, unaotoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Bei ikapanda London. Siku chache baadaye waasi hao waliingia Walikale-centre. Aliyekuwa na gunia lake nyumbani wiki ile, kama rezo ilishika, angeiona namba ikipanda kwenye kioo huku barabara ya kumfikisha kwa mnunuzi imefungwa.