Kistari cha chini kilichookoa majaribio ya WordPress

Herufi nne tu, void, ziliwakaba koo watunzaji wa majaribio ya WordPress.

Anayeandika majaribio ya PHP anaijua setUp, metodi ambayo PHPUnit huiita kabla ya kila jaribio ili kuandaa uwanja: mtumiaji wa bandia, makala ya kuchezea. Februari 2019 ilitoka PHPUnit 8, maktaba ya Mjerumani Sebastian Bergmann, na sharti jipya: tamko la setUp lazima liishie na : void, yaani hairudishi kitu. Ukiliacha neno hilo, PHP inagoma palepale kwa kuwa klasi ya mtoto haiafikiani na ya mzazi. Ukiliweka, PHP 5.6 inashindwa hata kuisoma faili, maana void iliingia kwenye lugha na toleo la 7.1. WordPress nayo ilikuwa imeahidi kufanya kazi kuanzia 5.6. Novemba 2020 ikaja PHP 8, ambayo PHPUnit 7 haikutengenezewa. Kubaki nyuma nako kukawa hakuwezekani.

Kwanza walishona viraka, wakichukua vipande vya PHPUnit mpya na kuvibandika juu ya ile ya zamani. Ni kazi ya kuvukia siku mbili tatu, si ya kujengea.

Dawa ilipatikana katika PHPUnit Polyfills ya kampuni ya Yoast, ambayo WordPress iliipokea 2021. Mwandishi wa jaribio haandiki tena setUp, anaandika set_up. Kistari hicho si urembo. PHP haibagui herufi kubwa na ndogo katika majina ya metodi, kwa hiyo setup na setUp kwake ni jina moja. Nyuma ya pazia zipo klasi mbili, kila moja na faili yake: setUp ya kwanza ina void, ya pili haina, na zote zinamalizia kwa kuita set_up. Kipakiaji huuliza toleo la PHPUnit lililopo, kisha hufungua faili moja tu. Hapo ndipo penye ujanja: PHP hukagua sarufi ya faili inapoipakia, hivyo void iliyo kwenye faili isiyofunguliwa haimuudhi mtu.

Sura yake si nzuri, nakiri, na metodi nyingi za majaribio zililazimika kubadilishwa majina. Hata hivyo naona ndiyo njia sahihi, kwa sababu ugomvi wa matoleo umefungiwa mahali pamoja badala ya kutapakaa katika kila jaribio.

Ukihamisha majaribio ya programu-jalizi yako, usiishie kwenye jina la metodi. Badilisha na mstari wa parent::setUp ulio ndani yake uwe parent::set_up. Ukiuacha, setUp itaita set_up, set_up itairudia setUp, nazo zitazungushana hivyo hadi kumbukumbu iishe.