Mtego ulihesabu madume, simu ikaagiza mabomba

Mliokuwepo siku ya maonyesho ya programu ya simu katika lile shamba la maembe Koboko, Uganda, mliona nilichokiona. Mtego wa methili-eujenoli ulifunguliwa, nzi wakahesabiwa, idadi ikaingizwa kwenye programu, na kioo cha simu kikawa chekundu: nyunyizia shamba lote. Zilibaki kama siku kumi maembe yavunwe. Bwana shamba akaita mabomba. Ulikuwa uamuzi mbovu, na ubovu wake ulianzia kwa aliyeitunga hiyo programu.

Methili-eujenoli huvuta madume wa nzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, tena kutoka mbali. Dume hatagi. Mtego ukijaa umejua kwamba nzi wako eneo hilo, basi. Hujajua majike wangapi wamo mtini wala maembe mangapi yameshatobolewa. Na jike akishataga, funza yumo ndani ya nyama ya tunda, na dawa iliyokaa juu ya ganda haimfikii. Aliyekwisha kushuka udongoni kugeuka buu bwete naye yu salama. Bomba lilimpata nani, basi? Nzi waliokuwa majanini asubuhi ile, ambao kesho wangefuatwa na wengine kutoka kwenye mipera ya jirani, pamoja na chungu wa majimoto, walinzi wa bure wa mwembe. Nani alipasua embe hata moja kutazama ndani? Hakuna. Programu haikuuliza, na sisi sote tulisimama tukitazama simu.

Watafiti Stern na wenzake wa California walilieleza jambo hili mwaka 1959: kiwango cha kuchukua hatua hupimwa dhidi ya hasara inayokuja. Hesabu ya madume isiyofungamanishwa na hasara ya matunda haistahili kuitwa kiwango.

Programu yenyewe haikukosa mema: ramani zake za mashamba zilikuwa nzuri, na ujumbe ulifika hata mtandao ulipolegea.

Ila zile nyuzi-siku za programu, yaani joto la kila siku linalojumlishwa kukadiria mdudu atakomaa lini! Nimelisema hili misimu mingi na nitalirudia. Hesabu hiyo ilipata sifa kwenye matufaha ya nchi za baridi, ambako nondo wa tufaha hulala majira yote ya baridi, na siku ya kuanzia huonekana. Rwomushana na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walionyesha mwaka 2008 kwamba nzi wetu hukua kwa siku kama 75 kwenye nyuzijoto 15, na kama 18 kwenye nyuzijoto 30. Kazi safi. Lakini huku kwetu, Arua na Koboko, hakuna baridi ya kumlaza nzi. Vizazi hupandana, na kinachowapandisha idadi ni matunda yanayoiva. Saa hiyo utaianzishia wapi?

Mtafiti Steiner alikijua kivutio chake, methili-eujenoli hiyohiyo. Kisiwani Rota, miaka ya 1960, alikichanganya na sumu akawaua madume hadi majike wakakosa wa kuwapanda. Na mtafiti Way, Zanzibar miaka ya 1950, alikaa chini ya minazi akiwafuatilia majimoto, bila kioo chochote mkononi.

Nataka swali la kwanza kwenye programu liwe hili: umepasua matunda mangapi, na mangapi yana funza? La pili: yaliyoanguka umeyaokota na kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani? Chambo cha protini, kwa doa moja la majani katika kila mti, kilipaswa kuanza maembe yangali machanga. Siku ile tuliondoka Koboko mabomba yakioshwa, na maembe yaliyooza yakiwa bado chini ya miti.