Barafu na Sababu Yake: Usawiri wa Mr. Freeze kutoka Mhalifu wa Kifaa hadi Mhusika wa Tanzia

Wahakiki wa fasihi pendwa wamezoea kumtaja mhalifu wa vibonzo kama kielelezo kamili cha mhusika bapa. Anaingia na kifaa chake, anatenda uovu, anashindwa, na katika toleo lijalo anarejea vivyo hivyo. Mazoea haya yana msingi, lakini yanasahau kwamba ubapa si sifa ya kuzaliwa nayo. Ni hali ya utunzi, na mtunzi mwingine anaweza kuitengua. Katika makala haya tunamfuatilia Mr. Freeze, hasimu wa Batman, ili kuonyesha jinsi kifaa kilichokuwa kila kitu chake kilivyopewa sababu, na ni nani aliyelipia sababu hiyo.

Alizuka Februari 1959 katika toleo la 121 la Batman, akiitwa Mr. Zero, kwa kalamu ya Dave Wood na michoro ya Sheldon Moldoff. Ni mwanasayansi aliyepatwa na ajali alipokuwa akiunda bunduki ya kugandisha; tangu hapo hawezi kuishi ila katika baridi kali, na hivyo huvaa vazi linalompoza daima. Anaiba vito. Kwa nini vito? Hadithi haijishughulishi na swali hilo. Zimwi la ngano zetu angalau lina njaa, Mr. Zero ana bunduki tu. Hatimaye mvuke wa moto kutoka bomba lililopasuka unamponya, na mambo yanaishia hapo.

Televisheni ilipomfufua mwaka 1966 ilimpa jina la Mr. Freeze, ambalo vibonzo vyenyewe vililikubali mwaka 1968. George Sanders, Otto Preminger na Eli Wallach walipokezana uigizaji wake, wala mtazamaji hakupotewa na kitu. Hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba vazi ndilo lililokuwa mhusika, na mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa kiango cha kulitundikia.

Mageuzi yalikuja Septemba 1992 katika kipindi cha katuni za televisheni kiitwacho Heart of Ice, kilichoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Ni muhimu kutambua kwamba Dini hakubuni kifaa kipya hata kimoja. Bunduki ni ile ile, vazi ni lile lile. Alichoongeza ni Nora, mke mgonjwa ambaye Victor Fries alimhifadhi katika baridi hadi tiba ipatikane, na Ferris Boyle, mkuu wa kampuni anayeamuru jaribio lisitishwe kwa kuwa linagharimu mno. (Msomaji wa chuo kikuu hahitaji kuelezwa uchungu wa utafiti uliokatiwa fedha.) Katika purukushani Fries anatumbukia katika kemikali, na anayeinuka hapo ni mtu asiyeweza tena kuguswa na joto la binadamu mwenzake. Vazi sasa ni jazanda. Lililokuwa sare ya mwizi limekuwa nguo ya eda.

Tulinganishe miisho. Mwaka 1959 joto linaponya. Mwaka 1992 Batman, ambaye ana mafua, anaivunja kofia ya kioo ya hasimu wake kwa themosi ya supu ya kuku. Joto linamshinda Freeze lakini halimponyi. Kichekesho hicho kimewekwa makusudi karibu na tukio la mwisho, ambapo Freeze akiwa seluni anazungumza na sanamu ndogo ya mcheza dansi iliyo ndani ya tufe la theluji. Dini alituzwa Emmy kwa uandishi huo, na kwa maoni yetu alistahili.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauwezi kukomea kwenye sifa. Mhusika amepata uduara, lakini kwa kumnyima mwingine sauti. Nora hana kauli, hana tamaa, hana hata hasira dhidi ya maradhi yake. Yeye ni mwili ndani ya kioo, sawa kabisa na ile sanamu. Ukiyatazama hivi, yeye ndiye kifaa cha mwisho cha Freeze, na chenye nguvu kuliko bunduki. Filamu ya Joel Schumacher ya mwaka 1997, iliyomzamisha Arnold Schwarzenegger katika mizaha ya baridi, ilimbakiza mke huyo vivyo hivyo bila kuuliza lolote.

Swali liliulizwa mwaka 2012, katika toleo la mwaka la Batman lililoandikwa na Scott Snyder na James Tynion IV. Humo Nora hajawahi kuwa mke wa Fries. Ni mwanamke aliyezaliwa mwaka 1943 na kugandishwa kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, naye Fries alimpenda kwa kumsoma kama mada ya utafiti. Wapo waliolalamika kuwa tanzia imeharibiwa. Sisi tunahoji kuwa Snyder na Tynion walimsoma Dini vizuri kuliko waliomsifu: walikitaja wazi kilichokuwa kimefichwa na huruma yetu. Kasoro yao ni nyingine, kwamba walimgeuza Freeze kuwa mwendawazimu, na kwa mwendawazimu hakuna uamuzi wa kuulilia.

Peter Tomasi alichagua njia ngumu zaidi katika Detective Comics mwaka 2019. Alimrejesha Nora aliye mke, kisha akamwamsha. Naye, baada ya miaka yote hiyo ya kusubiriwa, anavaa vazi kama la mumewe, anashika bunduki, na kuonja uhuru ambao Victor hakuutarajia wala hajui la kuufanyia.