Ufundi wa Kuacha

Roboti nyingi huundwa ili watu washangae: itembee, iongee, ilete chai. Paro, roboti ya kuwaliwaza wazee wenye dimensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu, hafanyi hata moja kati ya hayo. Ni mtoto wa sili, mnyama wa bahari za barafu, mwenye manyoya meupe na macho makubwa meusi. Hulala kifudifudi, hugeuza shingo, hupepesa kope, hutikisa mapezi na kulia. Mhandisi wa Kijapani Takanori Shibata alianza kazi iliyomzaa Paro mwaka 1993, na ukifuatilia maamuzi yake moja baada ya jingine unamwona fundi aliyejua mambo ya kuacha.

Kwanza aliacha paka na mbwa, ingawa aliwafikiria. Paka anajulikana na kila mtu: anavyojinyoosha, anavyojisugua miguuni. Ukimpakata paka wa mashine, papo hapo unamlinganisha na yule wa nyumbani, na mashine inashindwa. Sili je? Ni wachache waliowahi kumshika, kwa hiyo hakuna wa kumkosoa. Shibata alisafiri hadi visiwa vya Magdalen nchini Kanada kuwatazama sili wenyewe na kurekodi milio yao, na kutoka humo ikapatikana sauti ya Paro.

Kisha aliacha maneno. Kwa mtu mwenye dimensia, mazungumzo mara nyingi ndipo aibu inapoanzia: swali linataka jibu, na jibu limepotea. Paro haulizi leo ni siku gani. Anataka kupapaswa tu, na mkono unaweza kukumbuka kupapasa hata pale majina ya watoto yanapoponyoka.

Kilichobaki hakikufanywa haraka. Uzito wake ni karibu kilo 2.7, kama mtoto mchanga, kwa hiyo ukimpakata mapaja yanamhisi. Mota zake ni za kimya na mwili wake una joto. Vihisi vyake hutambua mguso, mwanga, sauti na namna alivyoshikwa. Akifanya jambo kisha akapapaswa, hulirudia; akipigwa, huliepuka. Hujifunza kuitikia jina analopewa. Manyoya yanazuia bakteria, na umeme wa ndani umekingwa usivuruge vifaa vya moyo ambavyo wazee wengi wamepandikiziwa. Huchajiwa kwa kuwekewa chuchu bandia mdomoni, hivyo hata kuchaji ni kulea.

Mwaka 2009 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilimkubali kuwa kifaa cha tiba. Wapinzani nao hawakunyamaza. Sherry Turkle, mtafiti wa chuo cha MIT, anauliza ni kitu gani tunampa mzee tunapomwachia mashine isiyoelewa neno analoiambia. Swali hilo ni zito, na linamgusa anayemkabidhi mzee Paro kisha akaondoka. Denmaki walilichukulia kwa uzito: huko wahudumu hufundishwa kwanza jinsi ya kumtumia, kwa nani na wakati gani.

Jaribio kubwa lilifanywa Australia na Wendy Moyle na wenzake, likiwa na wakazi 415 katika vituo 28 vya kutunza wazee. Baadhi walipewa Paro anayefanya kazi, wengine Paro aliyezimwa, wengine huduma ya kawaida. Aliyewashwa aliwafanya wazee wazungumze na kutazama zaidi, lakini katika furaha na utulivu yule aliyezimwa hakuachwa mbali. Wengine walisoma matokeo hayo kama aibu kwa roboti. Mimi nayasoma kama sifa kwa fundi: manyoya, uzito na uso vilikuwa vinafanya kazi kabla ya mota yoyote kuzunguka. Anayetaka kubuni roboti ya kumliwaza mgonjwa wa dimensia aanzie hapo, kwenye kile ambacho mkono utakutana nacho kwanza, ndipo afikirie programu.