Dakika Nzima

Ukitaka kumjua muuguzi hodari, mtazame anapohesabu pumzi za mtoto. Haanzi kwa kumshika. Anamwacha mapajani kwa mama yake, fulana inapandishwa kidogo, naye anatulia kukitazama kifua na tumbo, saa ikiwa mkononi. Mtoto akilia, hesabu imeharibika. Atabembelezwa hadi anyamaze. Na huhesabu dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakumfai kichanga, kwani hupumua harakaharaka, akasita sekunde chache, kisha akaendelea. Ukimkuta kwenye kusita utasema hajambo, ukimkuta kwenye kasi utasema anaumwa.

Hesabu ikishapatikana, umri ndio unaoipa maana. Pumzi 55 kwa mtoto wa mwezi mmoja si tatizo. Kwa wa miezi 6 ni za kutia shaka ya nimonia, maana kuanzia miezi 2 hadi mwaka mmoja mpaka ni 50, na baada ya hapo hadi miaka 5 ni 40. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 tu. Muuguzi wa zahanati anayepokea kichanga, mjamzito na babu asubuhi moja hana budi kuyabadilisha haya yote kichwani kila anapoita "anayefuata", bila kufungua kitabu. Kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa, na hatujausifu vya kutosha.

Dakika ndiyo iliyomshughulisha pia Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa New York. Mwaka 1952 alipendekeza kila mtoto apewe alama dakika moja baada ya kuzaliwa: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, namna anavyoshtuka anapoguswa, na rangi. Wakunga wetu hutoa alama hizo hadi leo.

Mtu mzima naye ana lake. Mwambie unahesabu pumzi zake, ataanza kupumua vingine. Kwa hiyo nesi mzoefu humshika kifundo cha mkono, akamaliza kuhesabu mapigo, asiuachie mkono. Mgonjwa anadhani bado ni mapigo, kumbe macho yamekwisha kuhamia kifuani. Hila hii naiheshimu sana.

Lakini kazi hasa iko kwa wazee. Mtoto anayeharisha hufinywa ngozi ya tumbo; ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, amepungukiwa maji vibaya. Ngozi ya bibi wa miaka 80 hurudi polepole hata akiwa mzima, kwa hiyo muuguzi huangalia ulimi na kuuliza habari za mkojo. Tena mzee aweza kuwa na nimonia asiwe na homa. Kipimajoto kinasema 36.8, ilhali aliyekuwa akiwaita wajukuu wote kwa majina leo hajui yuko wapi. Kuchanganyikiwa huko kwa ghafla ni dalili ya hatari, na hakuna kifaa mezani kitakachoionyesha. Inabidi aulizwe aliyemleta: "Binti, bibi jana alikuwaje?" Na jibu la binti liandikwe kwenye faili, jirani na presha na joto, ili nesi wa zamu ya usiku, ambaye hakumwona bibi jana, alikute.