Neno "Disgrace" na Visawe Vyake vya Kiswahili

Kamusi ya lugha mbili haitungwi kwa ajili ya mtu azijuaye lugha zote mbili. Mwenyeji wa Mombasa au Unguja hana haja ya kuelezwa aibu ni nini. Mwenye haja ni mwalimu wa Mabawe, wilayani Ngara, ambaye Kihangaza ndiyo lugha ya nyumbani kwake, Kiswahili amekipata shuleni, na Kiingereza amekipata vitabuni. Kamusi yapasa kupimwa kwa kipimo cha msomaji huyo, na neno la Kiingereza "disgrace" ni mfano mwema.

Tangu kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996, desturi imekuwa kuyapanga maneno ya Kiswahili mfululizo na kuyatenga kwa mkato. Msomaji akutanapo na maneno ya jamii ya aibu, fedheha, haya na soni kwa mtindo huo, hudhani kwamba lolote laweza kushika nafasi ya jingine. Sivyo.

Neno aibu latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kasoro. Kasoro yaweza kuwapo bila kujulikana. Ndiyo sababu wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Fedheha nayo ni ya Kiarabu, lakini asili yake ni kufichuliwa. Hapana fedheha pasipo watazamaji. Kinyume chake ni stara: aliyesitiriwa angali na aibu yake, ila hakufedheheka. Haya si kosa wala adhabu. Humzuia mtu kabla hajatenda. Tena siku hizi husemwa kwamba mtoto "ana aibu" kwa maana ya kuona haya, na hivyo neno la lawama laweza kuwa sifa. Mkato hauonyeshi hayo.

Soni ina habari nyingine. Kirundi na Kinyarwanda, lugha za ng'ambo ya mpaka wa Ngara, zina "isoni". Kiganda kina "ensonyi", na Kikuyu "thoni". Neno hili ni urithi wa Kibantu, na kwa kuwa Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi, msomaji wa Mabawe huelekea kulipokea kama jamaa yake. Lakini soni ni hali ya moyo. Haitoshi kuwa tafsiri ya "disgrace".

Neno lenyewe la Kiingereza, lililopitia Kiitalia na Kifaransa, asili yake ni kupotewa na kibali. Mtu wa baraza ya mfalme aliyegeuziwa uso na bwana wake alikuwa katika hali hiyo hata kama hakutenda ovu. Maana hii haimo katika aibu wala katika fedheha.

Ugumu wake waonekana katika riwaya ya J. M. Coetzee ya mwaka 1999 yenye neno hilo kuwa jina lake. Mwalimu wa chuo kikuu, David Lurie, akiri kosa mbele ya kamati, lakini akataa kuonyesha majuto. Tendo lake ni aibu. Kutangazwa kwake ni fedheha. Kupoteza kazi na heshima ni kupotewa na kibali. Na kamati yataka kuona kama ana soni. Mfasiri akiiita riwaya hiyo "Fedheha" atakuwa amehifadhi macho ya watu na kuacha kibali; akiiita "Aibu" atahifadhi kosa peke yake.

Yafaa basi kila kisawe kipewe sentensi yake ya mfano, na maana ya kibali itajwe waziwazi, ijapokuwa kwa maneno mawili au matatu. Nafasi ya kamusi ni ndogo, ni kweli. Lakini mtu anayeshtaki barazani kwamba amefedheheshwa ana mshtakiwa na mashahidi. Asemaye kwamba ameaibika huenda hana wa kumshtaki ila nafsi yake. Tofauti hiyo haifai kuachiwa mkato.