Neno Moja kwa Kazi Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Kupima Nyama

Miongoni mwa tafsiri zilizotufikia kwa ajili ya kusanifiwa, imo ya mwongozo wa maabara kuhusu kutayarisha sampuli za nyama ili kuwatafuta bakteria wa salmonela. Lugha yake ni nyepesi, na hilo tunalisifu. Hata hivyo, mfasiri ametumia neno "kusafisha" kwa kazi tatu zisizofanana, na hapo ndipo penye hatari.

Kwanza, kisu na koleo "husafishwa". Dhana iliyokusudiwa ni kuua viumbe vyote hai, kama ifanyikavyo kwa mvuke wenye shinikizo katika nyuzijoto 121 za sentigredi kwa dakika 15. Sabuni na maji havitoshi. Tunapendekeza "kutakasa". Wako watakaosema kuwa neno hili ni la ibada. Lakini shina lake ni "takata", nalo halina mipaka hiyo.

Pili, bakteria "husafishwa" juu ya agari, ilhali maana yake ni kuitenga aina moja na nyingine. "Kutenga" kunatosha.

Tatu, sampuli yenyewe "husafishwa" kabla ya kupimwa. Matini ya asili yasema "kutayarisha" tu. Msaidizi wa maabara atakayeiosha nyama kwa kufuata agizo hili atawaondoa baadhi ya bakteria anaowatafuta, na nyama yenye madhara yaweza kupewa cheti.

Utaratibu wenyewe ni huu: gramu 25 za nyama hutiwa katika mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, hupondwapondwa, kisha huwekwa katika nyuzijoto 37 kwa muda wa saa 18 hivi. Hatua hii ya mwisho mfasiri ameiita "kurutubisha", neno linalompeleka msomaji shambani kwenye mbolea. Hapa bakteria waliodhoofishwa na baridi au chumvi hupewa nafasi ya kupata nguvu na kuongezeka. Twaona "ukuzaji wa awali" waeleza vema zaidi.

Vilevile, jibu "nyama haina salmonela" ladai mengi kuliko kipimo. Ifaavyo ni "salmonela hawakugunduliwa katika gramu 25".

Tunawaomba wafasiri na walimu wa sayansi wayapime mapendekezo haya na kutuletea maoni yao kabla hayajasanifiwa.